Kabla ya kuomba mashine mpya: tulivyofufua mashine ya kukatia nyasi



Tunapotembelea miradi ya Bukoba na Muleba tumezoea kuonyeshwa vitu vipya: tangi la maji, darasa, jiko la shule. Ni mara chache tunapelekwa nyuma ya stoo. Safari hii tulipelekwa, na tumeona vema tuwashirikishe tulichojifunza huko, kwa kuwa tunaamini parokia nyingi zina kitu cha namna hiyo.

Katika parokia moja ya wilaya ya Muleba tulikuta mashine ya kukatia nyasi, ya aina ile ambayo dereva hukaa juu yake kama trekta dogo. Ilikuja miaka kadhaa iliyopita ndani ya kontena, zawadi ya marafiki wa nje, na sisi wenyewe ndio tuliosimamia usafirishaji wake. Magurudumu yalikuwa hayana upepo na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti. Kamati ya parokia ilikuwa imekwisha kuandika barua ya kuomba mashine nyingine. Sahihi zote zilikuwepo. Ilikuwa inasubiri sisi tuifikishe kwa wafadhili.

Tuliomba barua hiyo isubiri kidogo, tukamwita fundi. Baada ya kusafisha kabureta, kubadili mafuta na kuweka betri, injini iliwaka siku ile ile. Gia zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni kitu kimoja tu: lile kava pana la chuma lililo chini ya tumbo la mashine, mfano wa karai lililofudikizwa, ambalo visu huzunguka ndani yake. Katika makala hii tutaliita kava la visu. Tunaeleza jinsi linavyoharibika, jinsi lilivyotengenezwa, na jambo ambalo kamati na wafadhili wanapaswa kukubaliana kabla ya kontena lijalo.

KWA NINI KAVA HUFA KABLA YA INJINI

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Ukanda wa Muleba ulio kando ya ziwa nao una mvua nyingi. Nyasi huota karibu mwaka mzima na mara nyingi hukatwa zikiwa mbichi na zenye maji. Nyasi za namna hiyo hurushwa na visu, zikaganda kwenye dari ya kava kama udongo kwenye ukuta wa nyumba ya fito. Zikiachwa hapo hushika unyevu siku na usiku, na maji yake yana asidi kidogo. Kutu huanza ndani na kula kuelekea nje. Kwa juu rangi inang'aa bado, huku chuma chenye unene wa milimita 2 au 3 kikiwa kimebaki kama karatasi.

Watu wengi hudhani kava kazi yake ni kufunika tu. Sivyo. Kwanza, ndilo linalobeba shafti za visu. Likilegea, visu hukosa mstari. Pili, umbo lake huongoza upepo wa visu ili nyasi zisimame, zikatwe na kutupwa nje kwa mlango wa pembeni. Likitoboka, nyasi hukatwa vibaya. Tatu, na hili ndilo kubwa, linamkinga mtu. Kisu chenye urefu wa sentimita 53, kikizunguka mara 3,300 kwa dakika, ncha yake huenda mwendo wa mita 91 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 330 kwa saa. Jiwe likiguswa na ncha hiyo hutoka kama risasi ya manati, bali kwa nguvu zaidi mara nyingi. Kinacholizuia ni chuma kile chembamba.

KOSA LILILOFANYIKA MWANZO

Tunapenda kusema ukweli, maana wengine watajifunza. Kava hili lilikuwa limewahi kuzibwa. Lilipotoboka mara ya kwanza, mtu mwenye nia njema alikata kipande cha bati la kuezekea na kukifunga kwa rivati. Lilidumu kwa muda mfupi. Siku moja bati lilichanika, kisu kikalivuta, na kipande kikaruka kupita kamba ya nguo na kugonga ukuta wa jiko. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo mashine iliwekwa nyuma ya stoo na hakuna aliyetaka kuigusa. Watu wa parokia walikuwa na haki ya kuiogopa.

Bati la kuezekea halifai kwa kazi hii kwa sababu mbili. Ni jembamba mno, halina hata nusu milimita. Tena limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na kifua kubana. Kosa la pili lilikuwa letu: tulikabidhi mashine pamoja na ufunguo na picha ya kumbukumbu, bila kitabu cha maelekezo, bila mkanda wa akiba, na bila kumfundisha mtu yeyote kukwangua kava baada ya kazi.

USALAMA KABLA YA SPANA

Kabla mtu hajaingiza mkono chini ya mashine, afanye mambo haya bila kuruka hata moja:

- Zima injini, toa ufunguo, uwe mfukoni mwa fundi.
- Chomoa waya wa plagi, kisha tenganisha betri kwa kuanza na upande wa hasi. Kisu kikizungushwa kwa mkono, injini inaweza kushtuka.
- Kama mashine inainuliwa, iegeshwe juu ya magogo au stendi imara, na magurudumu yakingwe. Jeki peke yake haitoshi.
- Vaa glovu nene. Kisu butu nacho hukata.

KULITOA NA KULISAFISHA

Usijaribu kutengeneza kava likiwa limefungwa kwenye mashine. Kulitoa si kazi ngumu. Shusha kava hadi chini kwa mkono wake wa kupandishia, legeza puli ya kukaza mkanda, toa mkanda. Kabla ya kuutoa, piga picha kwa simu au chora kwenye karatasi unavyopita kwenye kila puli. Fundi wetu alituambia kwamba nusu ya muda unaopotea kwenye mashine hizi ni kubahatisha njia ya mkanda. Kisha chomoa pini zinazoshika mikono ya kava, moja moja, na kuziweka kwenye kopo. Kava hutelezeshwa nje kwa pembeni. Watu wawili wanalibeba.

Kulisafisha ndiko kulikochukua muda. Nyasi zilizoganda zilikuwa na unene wa vidole viwili, ngumu kama tofali. Tulizilowanisha usiku kucha kwa magunia yenye maji, asubuhi tukazikwangua kwa kipande cha mti kilichochongwa, halafu kwa brashi ya waya. Jihadharini kumwaga maji kwa nguvu kwenye shafti, maana yakiingia ndani ya beringi ndiyo mwanzo wa kutu nyingine.

KUPIMA AFYA YA KAVA

Hapa ndipo kamati inapoamua kama itaendelea au la. Chukua nyundo ndogo, gonga kava lote polepole, kila baada ya upana wa vidole vitatu. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti butu kama chungu chenye ufa. Palipo na sauti butu, choma kwa msumari mnene. Ukipenya, weka alama ya chaki. Mwishoni chaki itakuonyesha ramani ya ugonjwa.

Kama alama ziko kwenye kingo na kwenye dari, kazi inawezekana. Kama ziko pia kuzunguka sehemu zote ambamo shafti zimefungwa, fikiri mara mbili. Kava letu lilikuwa na matundu matatu, na sehemu moja ya shafti ilikuwa imepasuka kwenye bolti mbili kati ya nne. Fundi alisema linatengenezeka.

Hapo mzee mmoja wa kamati alitukumbusha jambo. Kazi ya chuma si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science taarifa kwamba wahenga wa ukanda huu wa magharibi mwa ziwa waliyeyusha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliwajengea tanuru ili waone, na ndani ya shimo lake waliunguza nyasi za bwawani. Mzee yule alicheka akasema: "Wao walitumia nyasi kupata chuma, sisi tunashindwa na chuma cha kukatia nyasi?" Baada ya maneno hayo hakuna aliyezungumzia tena kuuza mashine kama chuma chakavu.

KUCHOMELEA

Karakana ndogo zenye mashine ya kuchomelea na grenda zipo Muleba mjini na Bukoba mjini, na kazi hii haihitaji zaidi ya hapo. Utaratibu uliofuatwa ni huu:

1. Kata chuma kilichooza mpaka ufike kwenye chuma kizima chenye kung'aa. Kuchomelea juu ya kutu ni kupoteza fimbo za kuchomelea.

2. Kata kiraka cha bamba la chuma lenye unene wa milimita 3, lisilo na zinki. Kizungushe pembe zake. Pembe kali huanzisha ufa.

3. Shika kiraka kwa nukta ndogo za weldi, ukiruka upande huu na upande ule. Ukichomelea mfululizo upande mmoja, joto hupinda kava lote. Fimbo za milimita 2.5 zinatosha. Acha chuma kipoe kati ya kipande na kipande.

4. Weldi ya ndani isawazishwe kwa grenda. Kinundu ndani ya kava hukusanya nyasi.

5. Pale penye shafti, usizibe ufa tu. Fundi alikata bamba la mviringo, akaliweka chini ya sehemu iliyopasuka, akatumia nyumba ya beringi yenyewe kama kipimo cha kutobolea matundu ya bolti. Hivyo mzigo husambaa kwenye chuma kizima.

6. Ukimaliza, vuta uzi juu ya kava kutoka shafti hadi shafti. Sehemu za shafti zote ziwe usawa mmoja. Kama moja imeinama, visu havitakata kwa kimo kimoja na nyasi zitabaki na ngazi.

Kisha tulipiga brashi, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake mikono miwili ya rangi ya kawaida. Kila mkono uliachwa ukauke vizuri. Tulipaka ndani kwa uangalifu kuliko nje, ingawa nje ndiko kunakoonekana.

SHAFTI NA BERINGI

Zungusha kila shafti kwa mkono. Iwe laini na kimya. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Ishike na kuitikisa. Ikicheza, vivyo hivyo.

Hapa kuna habari njema ambayo kamati nyingi hazijui. Watu husema "spea za mashine hii hazipo Tanzania." Lakini beringi nyingi hazina kabila la mashine. Ubavuni zimeandikwa namba, na namba hiyo ina maana moja dunia nzima. Beringi 6203 ina kipenyo cha ndani milimita 17, cha nje milimita 40, unene milimita 12. Beringi 6204 ni 20, 47 na 14. Beringi 6205 ni 25, 52 na 15. Namba hizi hutumika pia kwenye mota za umeme na mashine nyingine nyingi, hivyo wauzaji wa beringi wanazifahamu. Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi, na uchague yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, maana huzuia maji. Jambo la kuangalia: baadhi ya mashine kutoka Marekani zina shafti za vipimo vya inchi, kwa hiyo pima tundu la katikati kabla ya kulipa.

Beringi mpya haipigwi nyundo moja kwa moja. Tumia kipande cha bomba kinachogusa duara la nje tu unapoiingiza kwenye nyumba yake. Kama nyumba ina nipeli, piga grisi mpaka uone imejaa, usizidishe.

VISU

Visu vinoleo kwa tupa au grenda polepole, kwa kufuata mteremko uliotoka nao kiwandani, ambao kwa kawaida ni karibu nyuzi 30. Chuma kikigeuka bluu umekipasha moto kupita kiasi na ukali hautadumu. Baada ya kunoa, kitundike kisu kwa tundu lake la katikati kwenye msumari uliopigwa ukutani. Upande unaoshuka ni mzito. Upunguze kidogo mpaka kisu kikae sawa. Kisu kisicho na mizani hutikisa shafti, na mtikisiko huo ndio unaopasua kava.

Tunasisitiza: kisu chenye ufa au kilichopinda hakichomelewi wala hakinyooshwi. Hutupwa. Wala tusikubali visu vya kufua kwa springi za gari. Springi ikipashwa moto na kupozwa bila kipimo inaweza kuwa ngumu na kukatika kama kioo, na tumekwisha kuona mwendo wa ncha ya kisu ulivyo. Visu ni sehemu moja ambapo fedha ya spea halisi ni lazima itafutwe.

MKANDA

Mkanda wa visu huandikwa namba na urefu. Maandishi yakifutika, upime upana wa juu: milimita 13 ni aina ya A, milimita 17 ni aina ya B. Mikanda ya mashine za kusaga yenye vipimo hivyo hupatikana na inaweza kuendesha visu. Hata hivyo mkanda wa mashine ya nyasi hukunjwa kinyumenyume kwenye puli ya kukazia, na mkanda wa kawaida haukutengenezwa kwa hilo, utachakaa mapema. Utumie kama wa muda, huku ukiagiza wa kwake.

KURUDISHA NA KUSAWAZISHA

Kava likisharudishwa, jaza magurudumu upepo sawa na kuegesha mashine kwenye sakafu ya saruji. Geuza kisu kielekee kulia na kushoto, pima kutoka ncha hadi sakafu: pande mbili ziwe sawa. Kisha kigeuze kielekee mbele na nyuma: mbele kuwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Hivyo nyasi hukatwa mara moja kwa makali ya mbele, wala hazikatwi tena na nyuma.

Mlango wa pembeni wa kutolea nyasi lazima uwepo. Swichi iliyo chini ya kiti, inayozima injini dereva akiinuka visu vikiwa vinazunguka, nayo lazima ifanye kazi. Tuliikuta imefungwa kwa waya ili isisumbue. Tuliifungua. Swichi hiyo ipo kwa ajili ya miguu ya watu.

MATUNZO KATIKA NCHI YA MVUA

Anayeendesha mashine hiyo sasa ni yule yule aliyekuwa akifyeka uwanja kwa fyekeo tangu zamani. Kamati ilikuwa na mawazo ya kumtafuta kijana, naye alikuwa na hofu ya kupoteza kazi. Tuliomba afundishwe yeye, kwa sababu moja ya wazi: anajua kila jiwe na kila kisiki cha uwanja ule. Na kweli, siku ya kwanza alianza kwa kutembea uwanja mzima na toroli, akaokota mawe, kabla hajapanda kwenye kiti. Utaratibu wake ni huu:

- Hakati asubuhi nyasi zikiwa na umande. Husubiri jua liwake.
- Nyasi ndefu huzifyeka kwanza kwa fyekeo, kisha hupita na mashine. Hakati zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.
- Kwenye mteremko huendesha kupanda na kushuka, wala hakati kwa ubavu. Mteremko unaopanda zaidi ya sentimita 27 kwa kila mita moja ya kwenda mbele, yaani nyuzi 15, huachiwa fyekeo. Katika vilima vya Muleba hilo si jambo dogo.
- Watoto wakifika uwanjani, visu husimama.
- Jioni, injini ikiwa imepoa na waya wa plagi umechomolewa, hukwangua kava kwa kijiti chake. Ni kazi ya dakika 10.
- Mashine hulala chini ya paa. Saa za kazi, mafuta na matengenezo huandikwa kwenye daftari.

Nyasi zilizokatwa hazichomwi. Wazee wetu walikata nyasi za rweya na kuzipeleka kwenye kibanja kutandaza chini ya migomba na mibuni, zishike unyevu na kuoza kuwa mbolea. Nyasi za uwanja wa parokia zinakwenda huko huko, ila ziachwe zinyauke kwanza na zisiwe na mbegu.

JE, KILA MASHINE ITENGENEZWE?

Hapana. Mashine yenye upana wa mita moja, ikienda mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kwa hesabu ya karatasi hukata mita za mraba 5,000 kwa saa. Ukiondoa kugeuka na kupita juu ya mstari uliokwisha kukatwa, hubaki pengine mita 3,500. Uwanja kamili wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, yaani saa mbili za kazi. Kwa hospitali, seminari au shule yenye viwanja vikubwa, hiyo ni faida. Kwa kanisa lenye ua mdogo, fyekeo mbili na posho ya haki kwa mtu wa jirani ni bora kuliko mashine yoyote, hata ya bure.

Tusidanganyane pia kuhusu malaria. Maombi mengi tunayopokea yanasema mashine inatakiwa ili kuondoa mazalia ya mbu. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, siyo kwenye majani ya nyasi. Uwanja uliokatwa vizuri huonyesha nyoka mapema na huwapa watoto mahali pa kucheza. Hizo ni sababu za kutosha. Lakini mashimo ya magurudumu yenye maji yafukiwe, la sivyo mashine yenyewe itatengeneza mazalia.

KWA KAMATI ZA PAROKIA

Kabla ya kuandika barua ya kuomba, tunawasihi mjiulize: Tuna nini nyuma ya stoo? Ni sehemu gani hasa iliyokufa, na ni nani aliyeipima? Tukipewa nyingine, ni nani ataikwangua jioni? Swali la mwisho ndilo zito. Kama halina jina la mtu, mashine mpya itaishia pale ilipoishia ya zamani.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na kila kilo mnayotuma inagharimu. Kwa hiyo tunaomba: mkituma mashine, tumeni pamoja nayo kitabu chake, picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, seti mbili za visu na mikanda miwili. Na kama mnajiuliza mtume mashine ya pili au mgharimie matengenezo ya ile ya kwanza, tuulizeni kwanza hali yake. Matengenezo hayana picha nzuri ya kupigwa siku ya makabidhiano, lakini humlipa fundi wa hapa, na ujuzi unabaki hapa.

Barua ile ya kuomba mashine mpya iliandikwa upya. Inaomba visu viwili, mkanda mmoja na kopo la grisi. Sahihi ni zile zile. Hiyo tumeipeleka kwa furaha.